Wiki ya Mavuno Vouvray

Jumapili, Paris hadi Tours

Treni ya kasi inatoka kituo cha Montparnasse, na baada ya kama saa moja unashuka Saint-Pierre-des-Corps, kitongoji cha mji wa Tours. Sehemu kubwa ya njia ni mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, bapa mpaka jicho linachoka. Halafu, dakika chache kabla ya kufika, treni inazama kwenye handaki na masikio yanaziba. Ukitokea upande wa pili uko juu ya daraja, na chini yako ni mto Loire, mpana, msimu huu una mchanga mwingi kuliko maji. Abiria wenzangu hawakuinua hata macho kwenye simu.

Mimi handaki hilo nilikuwa nalingojea. Lina urefu wa karibu kilomita moja na nusu, na juu yake imesimama mizabibu ya Vouvray, kijiji cha mvinyo jirani na Tours. Reli hii ilipokuwa inapangwa, miaka ya 1980, wakulima walikuja juu. Hofu yao haikuwa ya mashamba peke yake. Waliogopa pia mtikisiko wa treni kwenye mapango wanamolaza mvinyo wao. Mbele ya upinzani alisimama meya wao, Gaston Huet, mkulima wa zabibu mwenyewe, mtu aliyekuwa ameonja miaka mitano ya umateka Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtu wa namna hiyo hatishwi na wahandisi. Mwaka 1990 treni zilianza kupita, chini ya ardhi.

Niseme kilichonileta. Natoka Dodoma. Kwetu zabibu nyekundu ya Makutupora ndiyo inayotawala, lakini katika nyeupe tunalima Chenin, na asili ya Chenin ni bonde hili la Loire. Marehemu baba alikuwa na shamba lake Mpunguzi, nami nimekuwa katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika, ya wakulima wa zabibu, kwa hiyo Chenin nimeipima kwenye mizani, nimeiandika daftarini, nimegombana na madereva wa malori kwa ajili yake. Kilichonipeleka Paris ni semina ya ushirika. Semina ilipokwisha, wenzangu walibaki kutembea mjini, mimi nikapanda treni kwenda kuitazama zabibu ile ile kwao.

Jumatatu, Tours na Rochecorbon

Mkalimani wangu ni dada mmoja mzaliwa wa Bukavu anayeishi Tours. Mavuno yakifika huchukua likizo kazini kwake akaenda kuwapikia wavunaji wa familia moja ya Vouvray, na ndiye aliyeniombea nafasi. Tulikutana mbele ya kanisa la Mtakatifu Martin.

"Karibu sana, kaka. Unasikia baridi?"

"Kidogo tu, dada."

"Hii haiko baridi. Ngojea uingie mu pango."

Martin alikuwa askofu wa Tours kuanzia mwaka 371, na kaburi lake limo ndani ya kanisa hilo. Ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini, alianzisha nyumba ya watawa ya Marmoutier. Watu wa hapa husimulia kwamba punda wa watawa walifungwa kando ya mizabibu, wakatafuna machipukizi mpaka yakabaki mashina matupu. Watawa walihuzunika, lakini mwaka uliofuata miti iliyotafunwa ikazaa kuliko mingine yote, na ndivyo watu walivyojifunza kupogoa. Ni hadithi tu. Wagiriki wa kale nao walikuwa na punda wao wa kisa hicho hicho. Dada alicheka. Mimi nilisema kwa Dodoma hiyo si ya kuchekwa hata kidogo, maana mzabibu usipopogolewa hauzai, na ukipogolewa miezi minne baadaye unavuna.

Tukapanda basi kuelekea mashariki kwa ukingo wa kaskazini. Mkono wa kulia ni Loire, mkono wa kushoto ni jabali jeupe linaloandamana nawe kilomita na kilomita. Jiwe hili, tuffeau, ni chokaa laini iliyotokana na bahari ya zamani sana. Likikatwa linakubali msumeno wa mkono, likikaa hewani linakomaa. Makasri ya wafalme yaliyojaa bonde hili yamejengwa kwa jiwe hilo, nyumba za Tours nazo vivyo hivyo, na mashimo yaliyobaki baada ya kuchimba yakageuzwa makazi, mashamba ya uyoga, na stoo za mvinyo. Pale Rochecorbon kuna watu wanaoishi ndani ya jabali hadi leo: dirisha lina pazia, mlango una sanduku la barua. Ukipanda juu ya jabali unakuta safu za mizabibu, na katikati ya safu limechomoza dohani la jiko la mtu aliye chini yako. Nilisimama kando ya moja nikasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa.

Jumanne, shambani

Jina la Vouvray linalindwa kisheria tangu 1936. Linahusu kijiji chenyewe na majirani zake, kina Rochecorbon, Vernou, Noizay, Chançay, Reugny, kiasi cha hekta zaidi ya 2,000 kwa jumla. Mtu mwenye shamba nje ya mpaka hata kwa hatua moja hawezi kuliandika jina hilo kwenye chupa. Na ndani ya mpaka mvinyo ni mweupe tu, kwa zabibu ya Chenin. Sheria inaruhusu kuchanganya kiasi kidogo cha zabibu moja ya kale ya hapa hapa, lakini wengi hawajisumbui nayo.

Tulifika kukiwa na ukungu. Unapanda kutoka kwenye vijito vya Cisse na Brenne, unajaza mabonde, na mizabibu inaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Mzee mwenye shamba alikuwa ameshika fimbo ya mti wa zabibu, anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyasikiliza, kwa sababu msimamizi halisi sasa ni binti yake. Nikaomba mkasi nisaidie kuvuna. Binti akakataa kabla dada hajamaliza kutafsiri. Mvunaji lazima awe na mkataba wa mavuno na awe amesajiliwa. Wakaguzi wa kazi wakipita wakanikuta na mkasi, nyumba inalipa faini. Nikaambiwa nitembee, nitazame, niulize. Nilimkubali hapo hapo. Mwanzoni nilitegemea tabasamu la kupigiwa picha; nikapata mtu anayeendesha kazi.

Udongo wa hapa una majina yake, na wao huyatumia kama sisi tunavyosema mbuga na kichanga. Aubuis ni mfinyanzi wenye chokaa, uko kwenye miteremko. Perruche ni mfinyanzi wenye vipande vya mawe ya gumegume, yale ambayo watu wa kale walichongea visu. Uko juu, kwenye bapa. Mzee anasema mvinyo wa aubuis una mwili na wa perruche una makali. Nilichofurahia ni kwamba katika vitalu vya nyumba hii hakuna ubishi kitalu gani ni kipi: ukifuata safu unaona mawe yanapoanzia.

Wavunaji walikuwa wanafunzi, wastaafu wa kijijini, na mchanganyiko wa watu wanaohama kutoka shamba hadi shamba msimu mzima. Na hawavuni safu ikaisha. Wanapita, wanachagua, wanaacha, kisha wanarudi baada ya siku kadhaa. Mavuno ya Vouvray huanza Septemba na miaka mingine huburuzwa hadi Novemba kwa sababu ya kurudi huko. Vichala vilivyoiva kiasi, vyenye rangi ya kijani iliyoanza kugeuka, vina kazi yake. Vya njano navyo vina kazi yake. Halafu kuna vile ambavyo kwenye mizani yangu Dodoma ningevitupa bila kumwomba mtu ruhusa: punje zimesinyaa, rangi ya zambarau chafu, zina manyoya ya ukungu wa kijivu.

"Hizo ndizo za thamani," binti akasema.

Kuvu yenyewe inaitwa Botrytis. Hali ya hewa ikiwa mvua tupu inaozesha shamba lote. Lakini asubuhi ikiwa ya ukungu na mchana jua likawaka, kuvu inatoboa ganda la punje, maji yanatoka kidogo kidogo, sukari na uchachu vinabaki ndani vimejikusanya. Miaka ambayo kuvu haikuja, upepo mkavu unaweza kufanya kazi inayofanana kwa kuzikausha punje mtini. Na kuna miaka ambayo havipatikani vyote viwili, basi hakuna mvinyo mtamu mwaka huo, habari imekwisha. Mzee aliitaja 1947, 1989 na 1990 kwa sauti ambayo sisi tunaitumia kutaja mwaka wa mvua nzuri. Hiyo 1947 aliisikia kwa baba yake, lakini anaisimulia kama aliyekuwepo.

Shamba la juu kabisa lilipandwa na babu yake, baada ya janga la filoksera, yule mdudu wa mizizi aliyetoka Marekani na kuangamiza mizabibu ya Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Dawa ilikuwa kuchukua mizizi ya Kimarekani, iliyozoea mdudu, na kuibebesha tawi la Kifaransa. Mpaka leo mizabibu yote ya nyumba hii ni ya kubebeshwa. Mzee alipiga magoti, akafukua kidogo, akanionyesha kovu la muungano. Nikamwambia miembe ya kwetu ina kovu hilo hilo.

Jumatano, pangoni

Mlango wa pango uko nyuma ya jiko la Bibi, mkewe Mzee. Unaufungua, na hewa inayotoka ina nyuzi 12 hivi, Januari au Agosti. Dada alikuwa sahihi kuhusu baridi.

Lakini kwanza kuna uani, kwenye mtambo wa kukamua. Zabibu zinaingia nzima na vikonyo vyake, puto kubwa ndani ya pipa la chuma linajaa hewa polepole na kuzibana. Wakikamua kwa pupa, ganda na kokwa vinatoa uchungu. Maji yanayochuruzika si meupe. Yana rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Binti alinipa bilauri. Sukari ilikuwepo, ndiyo, lakini nyuma yake ukaja uchachu wa ndimu uliofanya taya zangu zikamate. Hapo ndipo nilipotambua tofauti ya kwanza kati ya Chenin hii na yetu. Kwetu jua haliipi zabibu mapumziko. Sukari inapanda haraka na uchachu unaungua kabla ya kuvuna. Huku usiku wa Septemba ni wa baridi, na uchachu unabaki. Uchachu huo ndio unaobeba mvinyo miaka 50. Sukari peke yake haifiki mbali.

Nilitoa refraktomita yangu mfukoni, kile kidude tunachotumia kupimia sukari. Binti alitoa ya kwake. Ni aina moja. Tulicheka wote wawili bila mkalimani.

Ndani, mapipa ya mwaloni yenye lita kama 600 yamepangwa pande zote mbili, mengi yameshika weusi wa uzee. Hawayataki mapya kwa sababu mbao mpya hutia harufu ya vanila, na Mzee anaiona vanila kuwa mambo ya keki. Maji ya zabibu yanaingia humo, na hamira iliyokuja na zabibu zenyewe inaanza kazi kwa wakati wake. Kwa baridi ile inafanya kazi taratibu sana. Pipa linaweza kuchachuka hadi Krismasi na kupitiliza. Ukiweka sikio kwenye tundu la juu unasikia vipovu vinapasuka kimoja kimoja.

Kwenye kona ya ndani kabisa palikuwa na kipimo cha hewa ukutani na mshumaa chini yake. Uchachukaji unatoa kaboni dioksidi, nayo ni nzito, inatulia chini ya pango. Mtu anaweza kuingia kwa miguu yake na asitoke. Kipimo kililetwa na binti, mshumaa ni wa Mzee. Mwali ukififia, hakuna mjadala, kila mtu nje.

Nilimuuliza binti wanajuaje wakati wa kukatisha, maana mvinyo ukiachwa hamira inakula sukari yote. Akasema hawaamui mwezi huu. Wanaonja. Pipa likifikia mahali ambapo utamu na uchachu vinashikana, wanalipoza, wanatenga mashapo, wanaweka salfa kidogo, kazi inasimama. Likiwa na gramu chini ya 4 au hivi za sukari kwa lita linaitwa sec, kavu. Juu ya hapo ni demi-sec, kisha moelleux, na zaidi ya gramu 45 ni ule mtamu hasa. Ni zabibu moja, ya kilima kimoja, na mwaka ndio unaoamua majina gani yatakuwepo. Chupa ya mwaka mmoja haiwezi kukuahidi chochote kuhusu ya mwaka unaofuata. Kiwandani kwetu mteja anataka chupa ya leo ifanane na ya mwaka jana; ikibadilika anaandika barua ya malalamiko.

Na kuna pango la pembeni, lenye chupa maelfu zimelala. Humo ndimo yaliko mapovu. Zaidi ya nusu ya Vouvray inayotengenezwa kila mwaka ni ya mapovu, kwa njia ile ile ya Champagne: mvinyo unatiwa chupani pamoja na sukari na hamira, unachachuka mara ya pili ukiwa umefungwa, gesi inakosa pa kutokea. Wapenzi wa mvinyo wakiandika kuhusu Vouvray huandika kuhusu ule mtamu wa 1947. Binti aliniambia mapovu ndiyo yanayolipa mishahara. Mwaka zabibu zikikataa kuiva, zinafaa kabisa kwa mapovu, kwa kuwa huko unataka uchachu. Kwa hiyo mwaka mbaya haupotei.

Alhamisi, mvua

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mavuno. Wavunaji wamelala, Mzee anatembea kutoka dirisha hadi dirisha.

Chakula cha mchana kirefu. Rillettes, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwenye mafuta yake mpaka ikasambaratika. Waliokuwa hawali nguruwe waliwekewa samaki wa Loire kwa siagi na siki. Dada aliwapika samaki hao bila kufuata kitabu, na Bibi alimwomba pilipili zaidi, jambo ambalo dada amelidai kuwa ushindi wake mkubwa hapa Ufaransa.

Niliuliza familia imekaaje na shamba vizazi vinne. Nilitegemea hadithi ya upendo wa ardhi, nikapewa hesabu. Sheria ya Ufaransa haimruhusu mzazi kumnyima mtoto. Kila mmoja ana fungu lake lililolindwa. Mzee ana watoto wengine, mmoja ni mhandisi Lyon, na hakuna anayetaka kuvuna. Binti anazilipa hisa za ndugu zake kwa awamu, mwaka hadi mwaka, kwa mvinyo wa shamba ambalo watu wa nje wanadhani alirithi bure. Nyumba nyingi jirani zilishindwa hapo, zikauzwa. Hata ile ya Gaston Huet, iliyoanzishwa 1928 na maarufu kuliko zote, iliuzwa 2003, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Mvinyo wake unaendelea kusifiwa. Kwa hiyo neno "familia" kwenye karatasi ya chupa mimi sasa nalisoma kwa tahadhari. Linasema nani anadaiwa, halisemi lazima nani anajua.

Pia walizungumza kuhusu mvua ya mawe ya tarehe 17 Juni 2013. Dakika chache tu, na sehemu kubwa ya mizabibu ya Vouvray ikabaki vijiti. Kisha baridi kali ya Aprili 2021, ilipobidi watu wawashe moto usiku katikati ya safu ili machipukizi yasigande. Mwaka wa namna hiyo wanauza akiba. Bibi alisema pango ndilo benki yao, na mkopo wake hauna riba.

Ijumaa, kuonja

Mawingu yamefunguka. Asubuhi wamerudi shambani kuona mvua imeharibu nini. Imeharibu kidogo. Mzee akaniita pangoni na ufunguo.

Tulianza na sec ya karibuni. Baridi, kali, harufu ya tofaa bichi na kitu cha jiwe lililonyeshewa. Sikuipenda. Mzee akaikatia jibini ya mbuzi, ile ya Sainte-Maure yenye bua limepita katikati toka mwisho hadi mwisho, akaniambia nirudie. Chumvi ya jibini na ukali wa mvinyo vikashikana nikaelewa kwamba ule si mvinyo wa kunywewa peke yake barazani. Demi-sec ilinifaa zaidi: utamu upo, ila ukishameza kinywa kinabaki kikavu na safi, unataka tena. Kama nitatafuta mvinyo wa kuweka mezani pamoja na samaki wa nazi, ni huo.

Chupa za nyuma kabisa zimefunikwa ukungu mweusi mzito, laini kuguswa, unaoishi kwa mvuke wa kilevi unaopenya kwenye vizibo. Hazina karatasi. Kuna ubao tu na mwaka umeandikwa kwa chaki. Mzee alichomoa moja chini ya 1989, akaifuta kwa kiganja.

Rangi imefika kwenye dhahabu iliyokolea. Harufu ni asali, maganda ya machungwa yaliyokaushwa, na nyuma kuna uyoga kidogo. Nilitarajia sharubati. Lakini ule uchachu niliouonja juzi uani, uliofanya taya zikamate, ulikuwa bado humo ndani, umekaa miaka yote hiyo, umeushika utamu usianguke. Tulinyamaza kidogo. Kisha Mzee, kwa kupitia dada, akaniuliza kuhusu kwetu.

Nikamwambia Dodoma iko mita zaidi ya 1,000 juu ya bahari, mvua ni chache na huja msimu mmoja, hatuna baridi ya kuangusha majani, tunavuna Februari na Machi, tukapogoa, tukavuna tena Agosti na Septemba.

"Mara mbili kwa mwaka?"

"Mara mbili."

"Sasa mti unalala lini?"

Dada alitafsiri, akaongeza la kwake: "Anauliza kweli, kaka. Hasemi mubaya."

Nikasema haulali. Tunaupumzisha kwa kuunyima maji wiki chache, basi. Ndiyo maana mizabibu yetu inachoka mapema, na ndiyo maana ya kwake iliyopandwa na babu ingali inazaa. Akatafakari. Akauliza mvinyo wa mavuno ya kwanza na wa pili unatofautiana vipi. Hapo nilikosa jibu la maana, kwa sababu kwetu mavuno yote mawili huingia tangi moja. Binti, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema ingekuwa yeye angeyatenga.

Nimeliandika hilo. Nimeandika pia kwamba si rahisi. Huku mkulima akikamua jioni, jabali linampoza bure, naye anaamua mwakani. Kwetu zabibu ikikatwa ina siku mbili tatu kwenye jua, lori lisipokuja imekwisha, na mkulima anachukua bei yoyote atakayopewa. Wengine wamejaribu kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, lakini tangi lisilo na ubaridi halimpi mtu nafasi ya kungoja. Watu wa semina kule Paris walizungumza siku nzima kuhusu mbegu bora na chapa. Hakuna aliyetaja jokofu. Mimi nikitoka hapa, kama kuna fedha ya kuomba, nitaomba tangi la kupozea, dogo, la wanachama, kabla ya kitu kingine chochote.

Jumamosi, Montlouis na kuondoka

Nilivuka mto asubuhi kwenda Montlouis, kilima kinachotazamana na Vouvray. Zabibu ni Chenin, jabali ni lile lile, na zamani mvinyo wa huku uliuzwa kwa jina la Vouvray mpaka sheria ikawatenganisha. Tangu 1938 wana jina lao. Vitalu ni vichache na bei ni pungufu kidogo. Nikionjeshwa nimefumba macho nisingeweza kuitenganisha mivinyo ya pande hizi mbili, na wenye kusema wanaweza sitawabishia.

Mchana nilirudi kuaga. Bibi alikuwa amefunga chupa kwenye magazeti: sec, demi-sec, na moja ya mapovu. Nilizilipia kwa bei ya mlangoni, yuro 12 hivi kwa sec. Ile ya kale haiuzwi, nami sikuiulizia. Binti aliandika kwenye karatasi namna ya kutenganisha mavuno mawili kwa majaribio, bila gharama kubwa: lita chache kila msimu, chombo kidogo cha chuma, friji ya kawaida ya dukani, na kipimo cha uchachu, ambacho sisi hatupimi kabisa. Akasema nimwandikie matokeo ya Machi kwanza kabla ya yale ya Septemba.

Dada alinisindikiza hadi Saint-Pierre-des-Corps na mfuko wa maandazi. Chupa ya sec nitaifungua kwenye mkutano mkuu wa AMCOS, na jibini, kama itafika Dodoma salama. Najua watasema ni kali. Halafu nitawasomea ile karatasi.